Watoto wa ploti: namna ya kumpa mtoto kazi yake mtaani

Mtoto wa Nairobi anajua njia tatu: ya shule, ya dukani, na ya kanisani au msikitini. Nje ya hizo ni sauti ya mama kutoka orofa ya nne: "Wewe! Usitoke geti!" Siwalaumu kina mama, mimi ni mmoja wao. Bodaboda hupita pale pale tunapopita kwa miguu, vifuniko vya mitaro huibiwa vikauzwa kama vyuma chakavu, na nusu ya majirani hatuwajui hata kwa majina. Lakini mtoto anayejua njia tatu tu hajui watu, na siku akikwama hapo nje hana wa kumkimbilia.

Mwongozo huu umetokana na miaka minne ya kuhangaika na watoto wa ploti yetu, nyumba za kupanga ndani ya geti moja, hapa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Walianza wanne, sasa ni kumi na mmoja, mdogo ana miaka mitano na mkubwa kumi na sita. Sisi si shirika. Hatuna fulana wala bango. Tuna daftari moja, magunia matano ya mboga na ufunguo wa stoo ndogo chini ya ngazi. Yote nitakayoeleza yamekaa juu ya jambo moja: mpe mtoto kazi ambayo asipoifanya, kuna mtu atauliza kwa nini haijafanywa. Kumsimamisha apigwe picha ameshika fagio jipya si kazi, na yeye mwenyewe anajua.

Hatua ya kwanza: Tembeeni, yeye awe mbele

Chagua Jumamosi asubuhi kabla jua halijawaka. Mwambie akuongoze kuzunguka ploti na vichochoro viwili vitatu vya jirani. Mpaka wenu uwe pale ambapo ukiita, anasikia. Beba karatasi na penseli, achore ramani mnapokwenda. Wewe nyamaza, hata akikosea.

Ramani ya binti yangu ninayo mpaka leo. Alichora posho mili, nguzo ya mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa, mbwa wa geti la kijani, na mlango wa shosho, yaani nyanya, anayempa mandazi. Duka la hadwea ninaloingia kila wiki hakulichora kabisa. Mtaro ulio nyuma ya kanisa, ambao mimi huuruka bila kufikiri, aliuchora mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Nilicheka kwanza. Kisha nikachutama pale mpaka macho yangu yakawa usawa wa macho yake, nikaona kwamba kweli ule mtaro ni shimo la kumeza mtu.

Mkirudi, muulize maswali matatu. Wapi hapa unapapenda? Wapi unaogopa kupita? Na nani unaona anahitaji mkono? Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayokupa kazi ya kuanzia. Sisi watoto walisema bila kusita: shosho wa orofa ya tatu. Maji yakikatika, na Nairobi maji huja kwa zamu, anapanda ngazi na mtungi wa lita kumi akipumzika kila kituo. Watu wazima wote tulikuwa tunampita hapo tukimwambia, "Pole, shosho."

Hatua ya pili: Kazi moja tu, inayolingana na mwili wake

Wazazi tuna tabia ya kuanza na kubwa: kampeni, siku ya usafi, mradi. Acha. Kila mtoto apate kazi moja ya kila wiki, isiyozidi saa moja, isiyogusa muda wa masomo wala wa kucheza.

Wa miaka minne hadi sita anaweza kupeleka ujumbe mlango hadi mlango ndani ya ploti, kumwagilia mche mmoja ulio wake, kuokota vifuniko vya chupa uani. Wa saba hadi kumi anabeba mtungi wa lita tano, si zaidi, anamsomea mdogo hadithi, anahesabu na kuandika kwenye daftari. Kuanzia kumi na moja anaweza kushika jembe dogo, kufundisha hesabu za gredi za chini, kuandika barua. Wa kumi na tano na kuendelea mpe ufunguo wa stoo na hesabu ya pesa kidogo mliyochanga, halafu jizuie kumwuliza kila siku.

Usimlipe. Nilijaribu mara moja kuwapa shilingi kumi kila mtungi, na ndani ya wiki mbili walikuwa wanamlaumu shosho kwa kutumia maji machache. Tuliacha pesa. Akaanza yeye mwenyewe kuwapa njugu, mambo yakatulia.

Na ikiwa shule inadai mradi wa huduma kwa jamii, huu mtaala wa umilisi wa CBC ambao siku hizi wanauita CBE, basi kazi hiyo hiyo ya kila wiki iandikwe kama mradi. Sote tunajua miradi inayokamilishwa na mzazi saa tano usiku kwa gundi na katoni, mtoto akiwa amelala. Hiyo kwa kweli ni huduma ya mzazi kwa mwalimu.

Hatua ya tatu: Piga hodi kwa wenyewe

Ndani ya ploti, anza na keateka, yule mtunzaji wa nyumba. Ukimruka, atafunga mfereji siku unayoutaka. Mwombe kona, mwambie siku na saa, na mwahidi jambo moja atakalolipenda: kwamba watoto watafagia walipochafua. Yeye ndiye atakayeongea na landlodi, tena kwa maneno mazuri kuliko yako.

Kisha wazazi wenzako, mmoja mmoja, mlangoni. Kundi la WhatsApp la ploti ni la kudai pesa za taka na kumtafuta aliyeacha bomba wazi, halifai kwa jambo la mtoto wa mtu. Mimi nilikwenda jioni, watu wakiwa wamerudi kazini, nikibisha: "Hodi, Mama Fulani. Naomba mtoto Jumamosi, saa tatu hadi saa nne, hapa hapa uani. Nitakuwepo mimi na Baba wa namba saba." Wawili walikataa. Mmoja wao alibadilisha mawazo baada ya kutuchungulia dirishani Jumamosi tatu mfululizo. Wa pili hajabadilisha, na ni haki yake.

Mkitaka kutoka nje ya geti, mjulishe mtu wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulindana, na mzee wa mtaa. Mkikusanya watu wengi au kufunga njia, nenda kwa chifu msaidizi mapema. Hapo ndipo utakapojua kama siku hiyo hiyo kuna mkutano wa siasa barabarani, na siku kama hiyo watoto hawatoki.

Hatua ya nne: Mambo yasiyojadiliwa

Hapa sitaki maneno mengi. Watu wazima wawili kila mara, wa nyumba mbili tofauti. Hakuna mtoto anayeingia nyumba ya mtu peke yake, hata ya shosho: wanakwenda wawili wawili, mlango ukiwa wazi. Hawagusi sindano, chupa zilizovunjika, nepi wala kitu chochote kilichofungwa ambacho hawajui ndani mna nini. Hawashuki mtoni, na Mto Nairobi usiwadanganye wakati wa kiangazi kwa wembamba wake. Waya wa stima ulioning'inia hauokotwi.

Hawaendi jaani kabisa. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa jaa la Dandora uliokuta madini ya risasi kwa wingi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto wa karibu. Kwa mtoto, risasi huharibu ubongo unaokua, na haionekani wala hainuki.

Kila mtoto aijue namba 116 kwa kichwa. Ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku na mchana. Tumeiandika kwa chokaa ndani ya mlango wa stoo.

Na picha. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, uso wa mtoto, sare ya shule na geti la ploti katika picha moja ni kumwelekeza mtu usiyemjua. Sisi hupiga picha za mikono na mboga. Inatosha.

Hatua ya tano: Gunia la mboga

Ukiniuliza mradi wa kwanza uwe upi, nitasema gunia, na nitashikilia hapo. Halihitaji shamba, na ploti hazina shamba. Linaonekana na kila anayepita. Likinyimwa maji siku tatu, linanyauka mbele ya watu, ndipo ile habari ya "kuna mtu atauliza" inapokuwa kweli. Kibera na Mathare watu wamelima hivi miaka mingi, sisi tulijifunza kwa kutazama tu.

Mnahitaji gunia la mahindi la kilo 90, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliotolewa kitako na mfuniko, kokoto au matofali yaliyovunjwa, udongo na samadi iliyokaa. Samadi mbichi huunguza miche. Udongo usitoke kando ya gereji, kando ya jaa wala mahali palipochomwa betri, kwa sababu ile ile ya risasi. Wetu tulinunua mkokoteni mmoja kwa muuza miche wa barabarani, na mwenye mkokoteni akatupunguzia alipoona wanaopakia ni watoto.

Kunjeni midomo ya gunia kama mtu anayekunja mikono ya shati. Wekeni kokoto chini, kina cha kiganja. Simamisheni mkebe katikati, jazeni kokoto ndani yake, na pembeni jazeni udongo uliochanganywa na samadi, sehemu mbili kwa moja. Mkifika ukingo wa mkebe, uvuteni juu polepole, kokoto zibaki zimesimama kama nguzo. Rudieni hivyo mpaka juu. Hiyo nguzo ndiyo koo la gunia, maji ukiyamwaga juu yanashuka mpaka chini badala ya kuishia pale pale.

Hapa kuna kazi ya kila umri. Wadogo wanajaza kokoto moja moja, wakihesabu. Wa kati wanachanganya udongo. Mkubwa anavuta mkebe, na mara ya kwanza ataumwaga, nguzo itaanguka, wote watapiga kelele. Usiingilie.

Acheni gunia likae siku mbili likinyweshwa, lishuke. Kisha toboeni ubavuni matundu ya vidole viwili, yakiachana shubiri moja, mstari wa juu usikae sawa na wa chini yake. Kila tundu mche mmoja wa sukuma au spinachi, mizizi ikilala ndani ya udongo. Juu kabisa pandeni dania, vitunguu vya majani, au managu na terere kama kuna mtu mtaani atakayewachekesha watoto kwa jinsi wanavyokunja uso wakila managu mara ya kwanza. Gunia moja hubeba miche thelathini hivi.

Maji ni jioni, jua likishapungua. Yaliyotumika kusuuza mboga na mchele yanafaa sana, ya sabuni nyingi hayafai, ya mtaroni hayakaribii. Vidukari wakija chini ya majani, na watakuja, watoto wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo au wanyunyize jivu asubuhi. Baada ya wiki tano au sita sukuma inaanza kuchumwa, majani ya chini kwanza, manne ya juu yakiachwa. Ukimwachia mtoto achume anavyotaka, atakata kichwa na mche utakwisha.

Mboga za kwanza zinakwenda wapi? Hili waamue wao, lakini waamue kabla ya kupanda. Watoto wetu walipiga kura kwa vifuniko vya soda: chupa ya shosho, chupa ya mama aliyejifungua orofa ya pili, chupa ya "tugawane sisi". Shosho alishinda kwa kifuniko kimoja. Jioni hiyo walimpelekea shada la sukuma limefungwa kwa gomba la mgomba, naye akawaambia mbele ya mlango, "Mmechelewa kuchuma, haya yameanza kukomaa." Walirudi wamekasirika. Kuanzia hapo wakawa wanamwuliza siku ya kuchuma, naye akawa anashuka ngazi mara mbili kwa wiki kukagua magunia na fimbo yake. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilidhani watoto wanamsaidia shosho, kumbe naye alikuwa akingoja kazi.

Hatua ya sita: Usafi, mkishajua taka zitakwenda wapi

Siku yetu ya kwanza ya usafi niliiharibu mimi. Tulikuwa na watoto, glovu, reki, magunia kumi na mawili. Kufikia saa sita kichochoro kiling'aa, na magunia yakapangwa vizuri kando ya barabara. Sikuwa nimeuliza ni nani atayachukua. Yalikaa siku tisa. Mbuzi walifungua mawili, mbwa wakamaliza mengine, na mvua ikarudisha kila kitu mahali pake. Mtoto wa miaka saba aliniuliza kama tulikuwa tumezihamisha tu.

Kwa hiyo agizeni gari kabla ya fagio. Zungumza na vijana wanaokusanya taka za ploti: siku yao ni ipi, gari linafika saa ngapi, watachukua magunia mangapi na kwa bei gani. Fanyeni usafi siku hiyo hiyo, mmalize saa moja kabla ya gari. Chupa za plastiki na makopo tengeni, kuna mnunuzi wa kilo karibu kila mtaa, na pesa yake ndiyo itakayonunua glovu za mara ijayo. Glovu za watoto ni shida, za watu wazima huwavuka kiwiko, wanaishia kuokota kwa mkono mtupu. Tafuteni ndogo za bustani au wape vijiti vya kuokotea.

Watoto wakichoka na usafi, na huchoka haraka, unganisheni na mpira. Huu si ujanja wangu. Mathare, chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka kanuni kwamba timu ikishiriki usafi wa mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Kutoka chama hicho hicho ikazaliwa Mathare United, iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Sisi hatujafika huko. Sisi ni kwamba asiyeokota hachezi nusu ya kwanza.

Hatua ya saba: Barua

Kuna mambo ambayo mikono ya watoto haiwezi, na ule mtaro ulikuwa mojawapo. Hapo ndipo barua inapoingia. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Inasema kila mtu, haisemi kila mwenye kitambulisho. Watoto wangu hilo liliwafurahisha kupita kiasi. Wakasema, kwa hiyo hata yule wa miaka mitano? Hata yule.

Waeleze pia habari ya Uhuru Park, ile bustani ya umma katikati ya Nairobi. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la orofa 60 mle ndani. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alianza kwa kuandika barua, kwa ofisi moja baada ya nyingine, akatukanwa hadharani, na jumba halikujengwa. Mtoto aliyewahi kupanda mashua Uhuru Park anaelewa mara moja barua ni kitu gani.

Kwanza jueni wadi yenu, Nairobi ina wadi 85 na mipaka yake haifuati akili ya mtu. Kisha watoto waende na kamba, chini ya jicho lako, wapime. Barua yenye vipimo haipuuzwi kirahisi kama ile yenye machozi. Yetu ilikuwa hivi, niliwasahihishia vituo tu:

"Kwa Mwakilishi wa Wadi. Sisi ni watoto kumi na mmoja wa ploti iliyo karibu na kanisa. Mtaro wa nyuma ya kanisa hauna kifuniko. Tumeupima kwa kamba. Upana ni hatua mbili za mtoto wa gredi ya nne na kina chake kinapita kiuno chake. Watoto wa chekechea hupita hapo kila asubuhi saa moja kasorobo. Mvua ikinyesha mtaro hauonekani, unafanana na barabara. Tunaomba ufunikwe kabla ya mvua ya mwezi wa tatu. Ramani iko nyuma. Tutakuja kuuliza jibu Ijumaa ya wiki ya pili."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Waende watoto watatu na watu wazima wawili, na watu wazima wakae nyuma. Ijumaa mliyoahidi mrudi kweli.

Sisi tulirudi mara tatu na kila mara tuliambiwa bosi ametoka. Mara ya nne hatukwenda, kwa sababu fundi wa kuchomelea vyuma pale kona alikuwa amesikia watoto wakilalamika dukani, akapima mwenyewe, akaweka bati nene lenye fremu. Alisema alikuwa anaupita huo mtaro miaka sita. Watoto walitaka kujua kama barua imeshinda au imeshindwa, nikawaambia sijui, ila nakala yenye muhuri tuiweke. Bado iko ndani ya daftari, na kuna mtaro mwingine.

Mkishazoea, nje ya geti

Kuna mengi tayari ambayo hamhitaji kuyaanzisha. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa mwaka 1931 na wakati wa ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao, leo mtoto wako anaingia mlango ule ule wenye simba wa mawe. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa, na kwetu wa Eastlands ni karibu zaidi. Mtoto mkubwa akizoea kukaa na wadogo wawili kuwasomea Jumamosi, tayari ni mtu wa jamii. Skauti na Girl Guides wako katika shule nyingi, waulize kabla ya kutafuta mbali. Shule za Jumapili na madrasa zina watoto waliokwisha kuzoea kukaa pamoja, na sisi tulipata wawili wetu waaminifu kabisa kutoka madrasa ya jirani.

Miti pandeni mvua ikishashika, Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, si siku ambayo kiongozi ana nafasi. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo miche tunaiotesha kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Na mti usipandwe bila jina la mtoto atakayeunywesha Januari, jua likiwa kali na kila mtu amesahau.

Hatua ya mwisho: Daftari, na kuhama

Kila Jumamosi kikao cha robo saa. Mwenyekiti huzunguka, hata wa miaka sita hupata zamu yake, akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wanasoma nani alifanya, nani hakufanya, nani alikuwa mgonjwa. Mtu mzima haongei mpaka aulizwe. Hili ni gumu kuliko kulima. Shule zikifunguliwa punguzeni kazi ziwe nusu, wakati wa mitihani simamisheni zote isipokuwa maji ya magunia, ambayo yagawiwe kwa siku kama zamu ya usiku.

Mtoto akiacha kuja, usimfuate kwa maneno. Tuma mtoto mwenzake. Kwetu mmoja alipotea mwezi mzima, kumbe alipewa kazi ya kuandika na mwandiko ulimtia aibu. Akapewa ufunguo wa stoo, akarudi.

Na mjiandae kwa kuhama, maana ploti ni watu wa kuhama. Kodi ikipanda, au baba akipata kazi upande mwingine wa mji, unaamka na kukuta mkokoteni getini. Kwa hiyo kila kazi iwe na mtoto wa pili anayejifunza, na kila anayeondoka akabidhi mbele ya daftari: ufunguo, mkebe, jina la anayechukua. Pia asiondoke mikono mitupu. Yule wa gredi ya sita aliyehama mwezi wa tatu kwenda Ruai alipewa miche kumi ya sukuma kwenye debe la rangi. Mama yake alisema hakuna nafasi. Mtoto akapanda mkokoteni, akakaa katikati ya godoro na meko, debe kati ya magoti, na wenzake wakausukuma mpaka steji.